Mashine Nzito ya Shemeji

Mkono wangu ni mizani. Niwekee pasi kiganjani, niwekee kufuli, niwekee koleo, nitafumba macho na kukwambia kipi kizito kuliko kipi, na kama kiliwahi kuvunjika kikaungwa nitakwambia pia. Mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi, kila mmoja akashika njia yake. Lakini kwenye kibanda changu cha vyuma vilivyotumika, hajazaliwa wa kuniuzia bati akaniambia ni shaba. Watu wananiita Domo, lakini hiyo ni kwa wivu tu.

Nasema haya ili ujue kwamba mtu kama mimi hakosei kirahisi. Na kwenye habari ya shemeji yangu sikukosea. Nilichelewa kidogo.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni mkataji vitambaa kwenye karakana ya kushona sare. Si mshonaji. Ukimwita mshonaji ananuna mpaka masikio. Kazi yake ni kutandika kitambaa mezani tabaka juu ya tabaka, kuchora kwa chaki, halafu kupitisha mkasi. Na mkasi wenyewe si huu wa kukatia kucha. Ukikudondokea mguuni unaomba likizo. Wenzake wanamwita Mstari, kwa sababu akishakata, hata ulete rula, itakayoonekana imepinda ni rula. Na anaishi hivyo hivyo. Anatembea kwa mstari pembeni mwa barabara, shati limechomekwa, kidevu kinang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi.

Hicho kidevu ndicho kilicholeta mambo.

Kila asubuhi ananyolea jikoni, kwenye dirisha, maana ndiko kwenye mwanga. Kioo kinaegeshwa kwenye nondo, bakuli la maji ya moto chini yake, brashi, sabuni, povu. Dada anakaa mezani hapo hapo na chai yake, wanapiga soga mpaka povu liishe. Wameishi hivyo tangu waoane. Siku moja dada aliniambia, "Wewe ndoa yako hata hujui unaishikia wapi. Mimi yangu naishikia pale, kwenye harufu ya sabuni."

Nikamwambia, "Basi siku akifuga ndevu umeachika."

Akanirushia kitambaa cha kufutia vyombo. Kilikuwa kibichi.

Miaka yote hiyo shemeji alikuwa ananyolea mashine ya wembe nyepesi. Nazungumzia zile za kizamani, unafungua kichwa chake, unalaza wembe, unafunga. Yake ilikuwa ya aluminiamu, mpini mwembamba kama penseli. Kipindi cha mvua kilichopita ikapotea. Dada akaja kibandani kwangu.

"Nionyeshe mashine za ndevu," akasema. "Nataka nzito."

"Nzito kiasi gani?"

"Inayozizidi zote."

"Dada, shemeji ananyoa au anapigilia misumari?"

"Domo, nipe mashine."

Nikazipanga juu ya kioo ninapowekea saa. Akazipima moja moja, ananyanyua, anashusha, ananyanyua tena, uso umekunjamana kama mtu anayechagulia mgonjwa dawa. Akachukua ya shaba tupu, mpini mnene wenye vijino vya kushikia. Ile ukiiweka mfukoni suruali inainama upande.

"Mwambie asiibonyeze," nikamwambia. "Hiyo inajibonyeza yenyewe."

Akatikisa kichwa kukubali, akaifunga kwenye leso, akaenda zake. Nikasema moyoni, wanawake na zawadi zao. Nikarudi kwenye kufuli langu.

Halafu siku moja mchana namwona Mstari anakuja, na leo mstari wake umepinda. Kidevuni amebandika vipande vya karatasi, kila kimoja kina doa jekundu katikati.

"Shemeji," nikamwita kabla hajafika, "huyo paka mmemaliza naye au nije niwaamulie?"

"Paka ni zawadi ya dada yako." Akaitoa mashine ya shaba, akaiweka kwenye kioo kwa mkono wa kushoto. "Nibadilishie. Nataka nyepesi, kama ile yangu."

Mimi ukiniuliza habari ya chuma umeniwashia redio. Nikamkalisha kwenye stuli.

"Sikiliza, shemeji. Mashine nyepesi inatii. Ukienda inakwenda, ukisimama inasimama, nguvu zote zinatoka kwako. Kwenye kona ni tamu, chini ya pua, pembeni mwa koromeo. Nzito ina kichwa chake. Inashuka yenyewe, wewe unaielekeza tu, na ndevu ngumu inazilaza kwa mpito mmoja. Lakini ikikosea, imekosea na uzito wake wote."

"Imekosea," akasema. "Nipe inayotii."

Nikamchagulia moja ya aluminiamu, safi, haina hata mkwaruzo. Akaipokea tena kwa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni tangu alipofika.

"Tangu lini umekuwa wa kushoto?"

"Wa kulia umechoka."

"Umechoka kwa kazi gani? Kukata matambara?"

Kwa kawaida ukimtajia matambara unasomewa hotuba. Siku hiyo alisema asante tu, akaondoka. Ile mashine ya shaba nikaitupia kwenye boksi la chini. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Shemeji kumeza tusi la matambara ni sawa na mtu mwingine kuzimia.

Sasa lazima nikurudishe nyuma kidogo, kwa marehemu baba yetu, mimi na dada. Baba mkono wake ulianza kutetemeka kama mzaha. Kwanza kikombe kiligongana na sahani. Tukacheka, naye akacheka. Halafu kijiko. Halafu vifungo vya shati. Mwishowe alikuwa analishwa, na wa kumlisha alikuwa dada, asubuhi na jioni, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nakuja kumchekesha. Kila mtu na kipaji chake.

Baba alipokwisha kuondoka, jioni moja tulikuwa jikoni kwa dada. Dada anasugua sufuria, shemeji anachuja chai, mimi nangoja chai. Dada akasema bila kugeuka, "Mkono mwingine wa kutetemeka mimi siuwezi. Nikiuona tena nakimbia, na mlango nauacha wazi."

Shemeji aliendelea kuchuja chai. Kumbe yale maneno aliyachukua, akayakunja, akayaweka.

Kesho yake, baada ya ile siku ya kubadilisha mashine, shemeji akarudi. Ilikuwa saa ya kazi, na Mstari hatoki kazini saa ya kazi hata jengo likiwaka moto. Alikuwa amejiziba kidevu kwa leso.

"Funga mlango wa kibanda," akasema.

"Kibanda hakina mlango, shemeji. Kina turubai."

"Basi teremsha turubai."

Nikateremsha. Akaiondoa leso. Mikato ilikuwa mingi kuliko ya jana, mingine juu ya mingine.

Akanieleza. Asubuhi walikuwa na kitambaa cheupe cha sare za wauguzi, kimetandikwa meza nzima. Ameinama kukata, tone la damu likamtoka kidevuni, likaanguka juu ya tabaka la kwanza, likaanza kupanuka. Wenzake wakacheka. Mwenye karakana, mama mmoja ambaye hacheki wala hafoki, akaja, akatazama kitambaa, akamtazama yeye. Akasema, "Mstari, kesho njoo na kidevu kizima. La sivyo nitampa mwingine akate." Halafu akamtazama mkono. Shemeji akauingiza mfukoni.

"Kwani mkono una nini?" nikauliza.

Akautoa. Akachukua ile mashine nyepesi kwa vidole, akaishika juu ya kioo cha saa, karibu sana na kioo, akatulia.

Ikaanza kugonga. Ti-ti-ti-ti-ti. Sauti ndogo, kama mdudu ndani ya taa. Hakuwa anaigonga. Alikuwa anajitahidi isigonge, na shingo ilikuwa imemkaza kwa kujitahidi.

Mimi nina neno kwa kila kitu. Nilitaka kumwambia, shemeji, wewe hata si damu yetu, mpaka maradhi unaiga ya ukweni? Lakini masikioni nilikuwa nakisikia kikombe cha baba.

"Tangu lini?" ndiyo maneno yaliyotoka.

"Tangu mvua."

"Umeenda kliniki?"

"Nikienda watanipa jina lake. Likishakuwa na jina, nitalifichaje nyumbani?"

"Dada hajui?"

"Akijua ataondoka. Ulikuwepo alivyosema."

"Alisema kwa uchovu yule."

"Alisema," akarudia.

Nikamuuliza kwa nini asiende tu kwa kinyozi. Akaniangalia kama nimemwita mshonaji. "Nikiacha kunyolea pale dirishani, dada yako ataniuliza kabla chai haijapoa. Nitamjibu nini? Nikiendelea hivi, kesho nitakwenda kazini na uso wa nyama ya kusaga. Huku nitafukuzwa, kule nitaachwa."

"Na kazini unakataje na mkono huu?"

"Mkasi hautetemeki," akasema. "Sijui kwa nini. Chaki ndiyo inayoniaibisha. Nikichora, ni kama kuku amepita. Siku hizi naegemeza chaki kwenye rula."

Hapo mizani ya mkono wangu ikaniwasha. Nikafungua droo, nikatoa mkasi mkubwa wa fundi, nikampa. Mkono ukatulia. Nikampa kalamu. Mkono ukacheza. Nikampa kufuli, ukatulia. Kijiko cha chai, ukacheza. Nikapiga magoti kwenye boksi la chini, nikafukua mpaka nikaipata ile mashine ya shaba, nikamwekea vidoleni. Akaishusha karibu na kioo.

Tukasubiri wote wawili. Ikagusa mara moja, ti. Ikanyamaza.

"Nyepesi inatii," nikasema taratibu. "Mkono ukisema tetemeka, inatetemeka. Hii inakataa."

"Mbona ilinichanja?"

"Nyoa nione. Haina wembe."

Akaipeleka shavuni. Na pale, mwenzangu, nikaliona kosa ambalo duniani angelifanya mkataji peke yake. Dole gumba juu, vidole vingine vimejikunja chini, kiwiko nje, halafu anasukuma kwa kukandamiza, vile vile wanavyolaza taya la chini la mkasi kwenye meza ili kitambaa kisikimbie. Ile nyepesi ya zamani ilikuwa inamvumilia, haina uzito. Shaba ikiongezewa na mkono wa karakana, lazima ichimbe.

"Shemeji, wewe unakata khaki. Kidevu si meza."

Nikamwonyesha. Shika mwisho wa mpini, kwa ncha za vidole, kama unamshika kifaranga. Weka kichwa chake kwenye ngozi. Halafu acha. Unaielekeza tu njia, kushuka inajua. Akajaribu mkononi, juu ya vinyweleo, bila wembe. Mara ya kwanza dole gumba likapanda. Nikalipiga kofi. Likapanda tena. Lilikuwa limekaa hivyo tangu ujana wake, lingeshuka vipi kwa mchana mmoja? Kila likipanda, mkono unakaza, na mkono ukikaza ndiyo unatetemeka zaidi.

"Kesho asubuhi njoo nyumbani," akasema alipokuwa anatoka. "Keti katikati yangu na dada yako. Mpigie kelele asinitazame."

"Umefika kwenye duka lenyewe la kelele," nikamwambia. Lakini nilipobaki peke yangu sikuweza hata kufungua kufuli.

Asubuhi nikabisha hodi na mkate mkononi, eti nimepita tu. Dada akaniangalia mimi, akaangalia mkate.

"Wewe na mkate? Nani kafa?"

"Dada, mtu akikuletea kitu unashukuru."

Jikoni kila kitu mahali pake. Kioo kwenye nondo, mvuke unapanda, shemeji na singlendi, povu mpaka kwenye masikio. Ile shaba ilikuwa pembeni ya bakuli. Macho yetu yakakutana kwenye kioo, nikaona jicho lake linavyocheza. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya dada kama pazia, nikaanza. Nikamweleza habari ya mtu aliyeniletea pasi yenye mdudu ndani. Nikamweleza jinsi nilivyofungua kufuli la jirani kwa uma. Nilijisifu mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujichoka. Dada alikuwa anaitikia, "ehe," "ehe," macho kwenye kikombe.

Nyuma yangu nikasikia mpito wa kwanza. Ile sauti, kama mtu anachana karatasi polepole asiamshe watu. Mashine ikasuuzwa. Mpito wa pili. Shavu la kulia likaisha. Akaja kidevuni, kwenye mikato ya jana, nami nikaongeza sauti.

Halafu sauti ya mashine ikakatika katikati. Nikageuka. Alikuwa amefika chini ya taya, mashine imesimama hewani, povu linadondoka kwenye singlendi. Mkono ulikuwa umeanza. Na dole gumba, nikaliona kwa macho yangu, linapanda.

Nikafungua mdomo.

"Usibonyeze," dada akasema.

Hakuinua uso kutoka kwenye kikombe. Sauti ilikuwa ya mtu anayesema funga dirisha.

"Iache ishuke yenyewe. Domo aliniambia siku ile nikwambie, nikashindwa nianzie wapi."

Shemeji hakugeuka. Kwenye kioo niliona macho yake tu, mengine yote sabuni. Dada akainuka, akafungua kopo lake la vifungo juu ya kabati, akaingiza vidole mpaka chini kabisa, akatoa kitu, akakiweka mezani mbele yangu. Ile mashine ya zamani ya aluminiamu, mpini kama penseli.

"Haikupotea," akasema. "Niliificha."

"Tangu lini unajua?" shemeji akauliza kioo.

"Tangu ulipoanza kujimiminia chai nusu kikombe. Anayeogopa kumwaga hajazi." Akakaa. "Baba nilimpa kijiko cha kupakulia. Kile kizito. Kwa kile alikula mwenyewe muda mrefu baada ya vijiko vyepesi kumshinda. Nikajiuliza, na mashine je?"

Mimi nikatazama mkate. Jana nilikuwa nimejiona nimegundua dunia, kumbe dada alishapita njia hiyo tangu mvua, na bila kupiga kelele.

"Mbona hukuniambia?" shemeji akasema.

"Wewe mbona hukuniambia?"

"Ulisema utakimbia."

"Nilisema," dada akakubali. "Nilikuwa naongea na sufuria. Na miguu hii inavyonivimba, nikimbilie wapi? Nitafika hapo kwenye kona nipumzike, unikute."

Mabega ya shemeji yakashuka.

"Naogopa," akasema.

"Hata mimi naogopa. Kila siku nakaa hapa naangalia mkono wako, chai inapoa, sijui wembe utaangukia wapi." Akasogeza kikombe. "Leo ukitoka kazini tunakwenda kliniki. Sasa maliza huko chini kabla sabuni haijakauka."

Akamaliza. Polepole mno, mpito mmoja, anapumzika, mwingine. Mkono ulitetemeka, sitasema uongo, lakini mashine ilikwenda njia yake kama ng'ombe mzee anayejua zizi. Akajisuuza, akajifuta, akatugeukia. Mikato ya zamani ilikuwepo, mipya hakuna. Dada akainuka, akamshika kidevu, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto, akanusa. Halafu akaniambia, "Katakata huo mkate, Domo, umekaa kama mgeni."

Kazini, alivyonieleza, mwenye karakana alimkagua kidevu. Shemeji ndiye aliyesema. Alimwambia kukata anaweza, kuchora chaki hawezi tena, na kwa nini. Yule mama akamtazama mkono. Mwishowe akamwita fundi mmoja achore, Mstari akate. "Leo hivyo," akasema. "Kesho niambie daktari kasema nini."

Basi alasiri tulikuwa kliniki, watatu kwenye benchi, mlango wa daktari umefungwa mbele yetu. Kila ukifunguka tunainuka nusu, anaitwa mwingine, tunakaa. Nilikuwa na hadithi tano tayari za kuwachekesha, hakuna hata moja iliyokubali kutoka. Mkono wa kulia wa shemeji ulikuwa juu ya goti, nje ya mfuko, watu wote wanauona, na kitambaa cha suruali kikitikisika chini yake.

Dada akaweka mkono wake juu ya ule wa shemeji. Akauacha hapo, hakubonyeza.

Ukatulia. Na dada yangu, mnisamehe, si mtu mwepesi.

Mlango ukafunguliwa, na safari hii muuguzi alikuwa anatutazama sisi.